Namba Iliyo Chini ya Uzi

Jumatatu, 5 Septemba 2022

"Anayekataa kuuza katuni zake za zamani hazipendi katuni hizo. Anapenda kufuli." Hivyo ndivyo alivyoandika mkusanyaji Anselmo Baltao gazetini leo, ukurasa mzima, na picha yake juu, anatabasamu kama mtu aliyetoka kushiba.

Uongo! Anayeuza ndiye anayezipeleka kwenye kufuli. Katuni ikifika mikononi mwa Baltao inafungiwa ndani ya ganda gumu la plastiki, inapewa alama kama mtoto wa shule, inatundikwa ukutani kwake Makati, mtaa wa matajiri, ghorofa ya thelathini na saba. Haitafunguliwa tena mpaka kiyama. Hayo ndiyo mapenzi?

Zangu ni elfu mbili mia tatu na kumi na mbili. Mama yangu, Salud, alizikodisha kwenye kibanda chetu hapahapa Malabon kwa miaka ishirini na mitatu. Unakaa kwenye benchi, unasoma, unarudisha. Kila moja aliishona kwa shazia na uzi wa nyavu, upana wa kidole kutoka mgongoni, ili mjanja asichomoe kurasa. Uzi ukameza ukingo wa ndani wa kila ukurasa. Sisi watoto wa mtaa huu tulijifunza kusoma kwa kubahatisha herufi za kwanza! Wakusanyaji wanaziita "maiti za kushonwa". Sawa. Maiti zangu haziuzwi.

Maji ya bahari yamepanda barabarani asubuhi, hadi vifundoni. Sakafu ya chini tumeiinua mara tatu tangu Mama afariki. Jikoni nikisimama wima nagonga boriti. Katuni ziko juu, salama.

Nimeandika nusu ya jibu kwa Baltao. Kali.

Jumanne, 6 Septemba

Jibu halijaisha. Ising alikuja kunichukua, viatu mkononi, suruali imekunjwa magotini. Baba yake ananiita.

Mzee wetu, Mang Doroteo! Maputo yote ya maneno niliyosoma utotoni, nusu yake ni mkono wake. Mchoraji alichora watu, yeye akaandika wanachosema. Miaka thelathini na mmoja ya kuandika herufi za watu wengine. Sasa amelala karibu na dirisha, mrija puani, amebaki mifupa na macho. Daktari amesema siku, hakusema wiki.

Alimwambia Ising aende kuchemsha uji wa mchele. Kisha akaniuliza kama bado ninayo *Kengele ya Mtoni*, toleo la 41.

Nikasema ninayo. Siiuzi.

"Nani amekuambia uuze, mtoto wa Salud? Nataka unisomee kibao."

Akanieleza, na pumzi inakatikakatika. Mwaka 1973, miezi ya amri ya kutotoka nje. Mdogo wake Eladio, mwanafunzi, miaka ishirini na miwili, amejificha, hakuna anayejua wapi. Barua zinafunguliwa. Lakini Eladio alikuwa amemwambia kabla hajatoweka: kila wiki nitakusoma wewe. Na wachoraji walikuwa na desturi: vibao vya maduka nyuma ya watu waliviacha vyeupe, mwandika herufi avijaze anavyotaka. Wengine waliandika majina ya wapenzi wao. Mang Doroteo aliandika anwani ya nyumba ambayo Eladio angepokelewa. FUNDI VIATU, halafu chini yake, 16 SAMPAGITA.

Eladio alikamatwa kwenye geti la namba 61, Mtaa wa Sampagita. Nyumba ya mwanajeshi. Hakuonekana tena.

"Nilikuwa sijalala siku tatu," akasema. "Mimi najua nilitaka kuandika kumi na sita. Sijui mkono wangu uliandika nini."

Nakala zake alizichoma wiki ileile, kwa hofu. Kampuni ya katuni ilifungwa, mabamba ya kuchapia yakauzwa kama chuma chakavu. Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza miaka yote hii, naishi mitaa miwili kutoka kwake.

"Kwa sababu ungeniambia."

Jumatano, 7 Septemba

Nimeipata. Jalada limefifia, muhuri wa kibanda cha Mama bado mwekundu. Ukurasa wa 27, fremu ya chini, upande wa mgongoni. Kibao kipo! FUNDI VIATU — hapo F na U zimemezwa, inabaki NDI. Chini yake: SAMPAGITA. Namba iko kabla ya S.

Namba iko chini ya uzi.

Nimejaribu tochi kwa nyuma. Nimejaribu kioo. Nimeingiza kijiti cha meno nikaona karatasi inaanza kulia, nikaacha. Mama alivuta uzi kwa nguvu za mwanamke aliyeibiwa sana.

Miaka ishirini na tisa ninazo na sijakata uzi hata mmoja. Nimewatukana hadharani watu waliokata. Baltao alipoandika kwamba zikifumuliwa "zinapona", nilimwita daktari wa maiti.

Leo sikukata.

Alhamisi, 8 Septemba

Ising amepiga simu saa mbili asubuhi. Baba ameuliza mara nne. Nikamwambia bado natafuta. Nikakata simu, nikachukua mkasi.

Mishono tisa. Nilidhani nitalia, sikulia. Niliikata mmoja mmoja, nikainyoosha mezani kila mmoja. Bado ina mafuta ya mikono ya Mama. Kisha nikafungua ukurasa wa 27 mpaka mgongoni, mahali ambapo jicho la mtu halijafika tangu 1973.

Mchwa!

Walikuwa wamepita mgongoni, ndani kwa ndani, penye gundi. Kwa nje huoni kitu. Nani angeona? Mimi sijawahi kuifungua!

Kilichobaki kwenye namba ni tumbo la 6. Mbele yake tundu. Nyuma yake tundu.

Nimekaa sakafuni mpaka maji yalipoanza kushuka barabarani. Halafu nikakagua nyingine. Mia moja na arobaini mpaka sasa. Hamsini na tatu zimeliwa.

Ijumaa, 9 Septemba

Nimefanya jambo la aibu. Naliandika hapa kwa sababu hapa hakuna msomaji.

Nilikwenda kwake, nikamshika mkono, nikasema: "Ni kumi na sita, Mang Doroteo. Uliandika kumi na sita. Nimeona kwa macho yangu."

Akafumba macho. Ising nyuma yangu akaanza kulia kwa furaha. Nikafikiri: imekwisha. Nimefanya jema.

Kisha akauliza, bila kufumbua: "Moja yangu ina kofia?"

"Kofia?"

"Kile kimstari cha juu. Ina kofia au haina?"

Nikasema inayo.

Akacheka! Mzee anayekufa, anacheka mpaka mrija unatoka puani. "Miaka thelathini na mmoja sijawahi kuivalisha moja kofia. Ningefukuzwa kazi. Moja yangu ni kijiti. Wee mtoto wa Salud, mama yako aliwakamata wezi wa kurasa kwa kuwatazama tu usoni. Wewe hata kudanganya hujui."

Nikamwambia ukweli. Uzi, mchwa, tumbo la 6. Akaurudisha mrija puani mwenyewe. Halafu akasema sita ipo katika zote mbili, kama vile mimi sijui.

Ising alinifuata mpaka mlangoni. Hakupaza sauti, na ndivyo ilivyouma zaidi.

"Ate Petang, dada yangu mkubwa, nikuulize. Mara ya mwisho mtu kusoma zile katuni ni lini?"

Nikasema zinahifadhiwa.

"Zinahifadhiwa kwa ajili ya mchwa? Mama yako alikuwa na benchi. Benchi liko wapi?"

Limezikwa chini ya sakafu ya pili. Tulimwaga zege juu yake. Sikumjibu hivyo. Nilivua viatu, nikaingia majini.

Jumamosi, 10 Septemba

Nimempigia simu Baltao. Mimi! Kwa mkono wangu!

"Bibi Magsumbol," akasema, sauti ya asali. "Nilikuwa nangoja matusi kwa maandishi."

Nikamwambia matusi yapo, yatafuata. Ana toleo la 41?

Analo. Alama tisa na nusu. Huenda ndilo safi kuliko yote nchini, anasema. Nikamweleza yote: mzee, mdogo wake, kibao. Nikamwomba. Sijui kuomba, nilisikia sauti yangu inakwaruza kama mlango. Fungua ukurasa wa 27, nikasema, soma namba moja, funga.

"Haifunguki. Lazima ganda livunjwe, na ganda likivunjwa alama inakufa."

"Na mzee?"

"Namhurumia, naapa. Basi tufanye hivi. Niuzie zako zote. Jumanne nalileta lori, na palepale mlangoni kwako, mbele yako, navunja ganda."

Atazifanyia nini? Hakuficha, hilo nampa. Atazifumua zote. Atachagua majalada kama mia mbili. Zilizobaki ni karatasi tu, zitakwenda kwa kilo.

Nikamuuliza: "Na hiyo 41 yako, inauzwa?"

"Hiyo?" Akashtuka kweli, kama nimemuuliza bei ya mkewe. "Hiyo siuzi."

Sheria yake yote, ukurasa mzima wa gazeti! Nilitaka kucheka nikashindwa. Nikamwambia nitamjibu Jumatatu jioni.

Jumapili, 11 Septemba

Sikwenda kanisani. Nimefungua masanduku yote. Mchwa wamefika ukuta wa nyuma.

Nilipita kwa Mang Doroteo na sahani ya pansit, tambi za kukaanga, ya Ising, maana mzee hali tena. Nikamwambia kuhusu lori. Nilitaka aniambie usiuze. Nalikiri hilo. Nilitaka anibebee.

"Usiniulize mimi," akasema. "Mimi nikiwa mzima ningekuambia usiuze. Nikiwa hivi nakuambia uza. Utamsikiliza yupi?"

Baadaye, usingizini au macho, sijui: "Eladio alikuwa hasomi haraka. Alikuwa anasoma na kidole."

Mchana nimewaandikia wenzangu wa kundi la Wasiouza. Sote kumi na mmoja, kutoka kisiwa cha Luzon mpaka cha Mindanao, tuliosaini tamko nililoliandika mimi mwaka jana. Nimeuliza nani ana 41. Nimesema sinunui. Nimesema ni ukurasa mmoja, fremu moja.

Wanane hawanayo. Wawili hawajibu.

Jumatatu, 12 Septemba

Mmoja amejibu. Eufrocina Tupas, Iloilo, daktari wa meno mstaafu. Amenizidi miaka kumi na ananiita Ate, ndiyo heshima yake, au ndiyo kejeli yake, kwa yule mama sijui.

Nimempigia. Anayo! Imo kwenye mfuko wake, imezibwa kwa tepu tangu 1988. Mwenyewe hajawahi kuisoma.

"Basi ifungue, Dokta."

"Hapana, Ate."

"Dokta, kuna mtu anakufa."

"Najua, nimesoma ulichoandika. Nimelia. Lakini umeandika na kingine." Nikasikia karatasi. Amechapisha tamko langu! Ameliweka kwenye fremu! Akanisomea polepole, kama anayemsomea mgonjwa masharti ya dawa: "'Hatuuzi, hatuazimi, hatufungui. Leo utafungua kwa ajili ya mwenye huruma, kesho kwa ajili ya mwenye pesa. Anayefungua ameshaanza kuuza.' Mume wangu alitaka kuziuza alipougua, nikamsomea maneno haya. Watoto wangu wanataka, nawasomea maneno haya. Leo unataka niyafanye nini?"

Nikasema niliandika upumbavu.

"Hukuandika upumbavu. Uliandika vizuri sana. Ndiyo maana nimekusikiliza." Akaaga kwa adabu, akakata.

Saa nane. Ising ametuma ujumbe: Baba hasemi tena, anaandika kwa kidole kwenye shuka. Moja na sita, sita na moja. Anafuta, anaandika tena. Baltao ametuma ujumbe: lori liko tayari, Ate Petang, nangoja neno lako. Hata yeye, Ate!

Nimekaa mezani, mishono tisa mbele yangu. Jibu lile kali kwa Baltao nimelichana. Naandika jingine, kwanza hapa, halafu naliweka mbele ya kundi zima na nampelekea Baltao na gazeti lake. Si makala. Sina hoja.

Dokta Tupas. Bwana Baltao. Na wewe wa kumi na moja ambaye hujajibu, najua umesoma. Ninyi watatu na mimi wa nne tumesema tunazipenda. Mimi nilizipenda mpaka mchwa wakazisoma kabla yangu. Tamko la mwaka jana nalifuta, kila neno, kwa jina langu kamili, Perpetua Magsumbol. Mkitaka kuninyang'anya uanachama, ninyang'anyeni kesho. Leo sitaki mniuzie. Sitaki mniazime. Chukueni wembe, kateni tepu, vunjeni ganda. Ukurasa wa 27, fremu ya chini, upande wa mgongoni. Someni namba iliyo kabla ya Sampagita. Kama ni 16, semeni 16. Kama ni 61, semeni 61. Na msinipigie mimi, kwa sababu mimi nimeshamdanganya mara moja. Namba ya Ising hii hapa chini. Simu ataiweka sikioni kwa mzee. Piga, Eufrocina. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma mstari hu—