Kitabu Kilikuwa kwenye Mtandao

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi Bunda, tarehe 19 Agosti 2002

Jina: Boke Boniphace Machage
Umri: Miaka 24
Dini: Mkristo
Kazi: Mhudumu wa kafe ya intaneti, Musoma mjini
Makazi: Musoma. Nyumbani kwa wazazi ni Kabasa, Bunda

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, kama ifuatavyo:

Boniphace Machage alikuwa baba yangu mzazi. Alikuwa mwendesha mashine ya kufunga marobota kwenye jineri moja ya pamba hapa Bunda. Aliianza kazi hiyo jineri ikiwa bado ya ushirika. Ilipouzwa kwa mtu binafsi wenzake wengi walipunguzwa, yeye akabakizwa. Mmiliki mpya alileta mashine inayoongozwa na kompyuta, na ndani ya sanduku lake kulikuwa na kitabu cha maelekezo cha Kiingereza. Baba aliishia darasa la saba. Kile kitabu alikuwaga anakisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na jioni anakuja nacho nyumbani nimsaidie maneno magumu. Wakati huo nilikuwa sekondari. Kiingereza changu kingi nilikipata pale mezani kwetu, kwa kumtafutia baba maana za maneno.

Mwezi wa sita mwaka huu fundi wa kampuni iliyouza mashine alikuja akabadilisha programu. Baba alinisimulia kwamba alimuuliza kitabu cha hiyo programu mpya kiko wapi. Fundi akamjibu, "Siku hizi hatuchapi tena, mzee. Kiko kwenye mtandao, mnasoma bure."

Baba akasema, "Mtandao wenyewe hapa Bunda uko wapi?"

Fundi akasema Musoma upo.

Jumapili iliyofuata baba alikuja Musoma baada ya misa. Mimi nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo alikuwa akiniita mama. Akaniambia, "Mama, nitafutie kitabu changu." Nilikipata siku hiyo hiyo, lakini kukiona ni kitu kimoja na kukishusha ni kingine. Kilikuwa na kurasa zaidi ya mia tatu, kimegawanywa vipande. Pale kafe laini ya simu ni moja na inakatika mara kwa mara, na kipande kikikatika unaanza upya. Baba alikaa karibu yangu hadi jioni akiangalia ule mstari wa bluu unavyojaa na kurudi mwanzo. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasema tu, "Jaribu tena, mama."

Meneja wa jineri, Bwana Silasi, aliombwa na baba amruhusu kwenda kukisoma Mwanza ambako mtandao una kasi. Hakumruhusu kwa sababu msimu wa pamba ulikuwa unaanza. Baba akaomba basi kiwanda kigharimie kukichapisha. Alijibiwa, "Kitu cha bure tukigharimie tena?" Hayo niliyasikia kwa masikio yangu, maana baba alinipigia kutoka simu ya ofisini na meneja alikuwa pembeni.

Mwenye kafe, Mama Ursula, aliniruhusu kutumia laini asubuhi kabla hatujafungua. Nikawa napata kipande kimoja, siku nyingine sipati kitu. Nilivyopata nilivichapisha kwa karatasi za pale kafe, na Mama Ursula hakunidai.

Mnamo tarehe 10 Agosti, siku ya Jumamosi, nilipanda basi kwenda Bunda nikiwa na sura nne za mwanzo. Nilifika jineri kama saa tano asubuhi. Mlinzi ananifahamu, akaniruhusu kuingia. Nilimkuta baba na msaidizi wake, Matiko, wako kazini. Baba alizishika zile karatasi akazinusa, akacheka. Akasema, "Hiki sasa ni kitabu."

Tulikuwa tunasoma ukurasa wa kwanza umeme ukakatika. Bamba la kushindilia lilisimama katikati, na chini yake pamba ilikuwa imekwama upande mmoja. Baba akasema waitoe wakati mashine imelala, kama walivyozoea. Matiko akamwambia, "Mzee, na hii programu mpya?"

Baba akajibu, "Umeme ukirudi haiwaki mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani. Ndivyo kitabu kilivyosema." Alikuwa anamaanisha kile kitabu cha zamani. Kisha akanigeukia. "Au humo umeona tofauti, mama?"

Nilipekua zote nilizokuwa nazo. Nikamwambia humu hakuna kitu cha umeme, labda huko mbele.

Akasema, "Basi huko mbele tutafika."

Akainama akaingia kifua kizima. Umeme ukarudi. Hakuna mtu aliyegusa kitufe. Matiko alikuwa amesimama karibu yangu, mikono yake ilikuwa mitupu na niliiona. Bamba liliendelea kushuka pale lilipoishia. Baba sikumsikia. Nilisikia mashine. Matiko alikimbilia swichi kuu, mimi nilimshika baba miguu nikamvuta, hakuvutika.

Alifariki kabla ya kufikishwa hospitali. Tulimzika Butiama kwa babu.

Nimeulizwa kwa nini swichi kuu haikuzimwa. Kwa programu ya zamani haikuwa lazima. Tangu programu ibadilishwe umeme ulishakatika mara kadhaa, ila haukuwahi kuikuta mashine katikati ya kushindilia.

Nimeulizwa kama baba alikuwa mzembe. Hapana.

Baada ya mazishi meneja alifika msibani. Alituambia mbele ya wazee kwamba kampuni iliyouza mashine imemwandikia kuwa maelekezo yote yalikuwa wazi kwa kila mtu, ni marehemu hakuyasoma. Niliporudi Musoma nilikifungua tena kile kitabu kwenye mtandao, na siku hiyo laini haikukatika. Sura ya tisa ilishuka yote. Imeandikwa kwamba toleo hili linaendelea lenyewe umeme unaporudi, na mtu azime swichi kuu kabla ya kuingiza mkono. Ni mistari miwili, ndani ya kisanduku, kwa herufi nzito. Ukurasa huo nimeukabidhi hapa kituoni.

Jana nilimsomea mama kwa lugha yetu ya nyumbani. Akaniomba nirudie. Kisha akauliza, "Sasa hapo walikuwa wanamwambia nani?"

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na ni kweli tupu.

Sahihi ya shahidi: B. B. Machage

Maelezo haya nimeyaandika mimi, D/Koplo Leodgar, kama shahidi alivyoyatamka, nikamsomea naye akayakubali. Aliomba sahihisho moja: kila mahali nilipoandika "marehemu" kwa maneno yake mwenyewe, niandike "baba". Nimeandika upya.