Waraka wa Shamba la Sib

Matrah, Maskati
28 Disemba 1970

Kwa kaka yangu mpenzi Mahfoudh,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Rahila na watoto, na kile kifua chako kiwe kimetulia. Sisi huku hatujambo, ila baridi; usicheke, ipo. Aflah amepata kazi ya ukarani serikalini, maana siku hizi mume wangu na wenzake waliosoma wanatafutwa. Kiarabu chetu bado kinawachekesha watu sokoni. Kule Unguja tuliitwa Waarabu, huku tunaitwa Wazanzibari. Tumeyakubali majina yote mawili.

Najua unachokitafuta katika barua hii. Unataka kusikia kama shamba la Baba nimelipata na lini litauzwa, ili utoke kwenye chumba kimoja hapo Kibokoni uje na wanao. Nivumilie nianze mwanzo, kwani nikianzia mwisho utaichana karatasi.

Tulikwenda Sib siku ya tatu ya Idi, juu ya gari la mizigo. Waraka wa Baba nilikuwa nao kifuani, ule ule niliotoka nao Unguja mwaka wa sitini na nne nikiwa nimeushona ndani ya mto wa mtoto. Shamba lipo, kaka! Mitende, midimu, na kisima ambacho ng'ombe huvuta maji kutwa. Tulimkuta mwanamke wa makamo, jina lake Muhsina. Ada ya huku mgeni haulizwi shida yake mpaka ale tende na anywe kahawa, na asipotikisa kikombe anaendelea kumiminiwa. Hilo hakuna aliyeniambia. Nilikunywa vikombe tisa, moyo unanienda mbio kwa kahawa na kwa hofu, mpaka Aflah akanifinya.

Nilipomwambia kuwa mimi ni binti Bakhit wa Unguja, aliniuliza kama mzee yu hai. Nikamjibu kuwa alifariki mwaka ule ule wa mambo ya mapinduzi. Akalia sana. Nikadhani labda ni mtunza shamba aliyempenda tajiri wake.

Baadaye akatusimulia shamba lilivyopita mikononi mwa watu. Mwanzo lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Matrah, akapanda mizabibu tele, na jua likaiua yote isipokuwa mmoja. Warithi wake wakagombana hata wakaliuza, na babu yetu akalinunua kwa fedha za karafuu, kisha likarithiwa na Baba. Hapo ndipo Baba alipokuwa akiishia kila akitusimulia. Muhsina alisema yeye amezaliwa humo na mama yake amekufa humo, ila sasa watoto wa mjomba wake wanataka kumtoa kwa kuwa hana karatasi. Mungu anisamehe, nilifurahi kimoyomoyo. Yeye hana karatasi, mimi ninayo.

Tuliporudi Matrah niliupeleka waraka peke yangu kwa mwalimu mmoja mzee anayejua maandishi ya zamani. Unakumbuka tulivyokuwa tukiubusu na kuuweka pamoja na msahafu, na hapana hata mmoja wetu aliyewahi kuusoma hadi chini. Mwalimu aliusoma mara mbili. Kaka, ule si waraka wa kununua. Baba ameandika kuwa shamba lote amempa mkewe Sayyida, ndiyo mahari yake, naye ana mimba, na kwamba Baba mwenyewe anasafiri kwenda Unguja. Mimba hiyo ndiyo Muhsina. Tuna dada, Mahfoudh.

Sasa nikuungamie. Niliuficha waraka ule siku tisa, hata Aflah sikumwambia. Siku ya pili niliwasha jiko la mkaa nikausogeza, nikiwafikiria wanao wanaolala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni mwa yule. Nilimkasirikia Baba kuliko nilivyopata kumkasirikia mtu. Siku ya kumi nikarudi Sib, nikamkabidhi dada mbele ya kadhi. Shamba limethibitishwa kuwa lake, na wale jamaa wameondoka kimya.

Dada hakunilaumu. Alisema alinitambua tangu nilipomtaja Baba, ila bila karatasi aliona haya kudai udugu. Aliniuliza una watoto wangapi na kama umerithi masikio ya Baba, kwani mama yake alikuwa akiyataja. Akasema, "Kuuza siuzi, lakini nna ndugu wawili, hawatokaa nyumba za kupanga." Keshapima vyumba karibu na kisima, kimoja changu na kimoja chako.

Una haki ya kukasirika. Ila ukasirikie njiani, maana matofali ya chumba chako yameshaanikwa.

Nisalimie wifi, wabusu watoto, na majirani wote wape salamu zangu mmoja mmoja. Mungu atukutanishe sote kwa kheri.

Ni mimi, mdogo wenu nyote wawili,
Nasriya