Halua Iliyopelekwa Houston

Richardson, Texas
11 Machi 2007

Mpendwa Kaka Mselem,

Assalaam aleikum. Shikamoo nakupa kwa sababu umenitangulia kuzaliwa, na mama yetu, Mungu amrehemu, hakutulea kuamkiana nusunusu. Natumai goti lako limepoa na sukari ya wifi imeshuka. Sisi huku tu wazima wa mwili. Wiki iliyopita mvua ya mawe ilibonyezabonyeza paa la teksi ya mume wangu Shuaib, nami sikumpa hata pole. Sababu utaijua sasa hivi.

Nina hasira nawe, Kaka. Barua hii nimeianza na kuichana, nikaianza tena na kuichana, kwa kuwa maneno yalikuwa yanaipita adabu. Hii sitaichana.

Kwanza nikueleze mwanangu Swafwani anafanya kazi gani, maana wewe unadhani unajua. Anacheza mpira wa magongo juu ya barafu katika timu ya Fort Worth, ndiyo kazi yake ya mshahara, na ni beki. Barafu unayoijua wewe ni ile ya ndani ya bilauri ya juisi ya ukwaju. Hii ni uwanja mzima, na wachezaji wanapita juu yake kwa viatu vyenye visu, kwa kasi ya gari. Kazi ya beki ni kumzuia mtu kwa bega na kifua asifike golini, na sheria inamruhusu. Beki anayeogopa kugonga watu ni sawa na askari wa zamu anayemfungulia mwizi geti.

Alianza akiwa na miaka minane. Hapa Dallas kuna duka kubwa lenye kiwanja cha barafu katikati, nasi tuliingia kutafuta ubaridi tu, maana kiyoyozi cha nyumbani kilikuwa kimekufa na nje lami inayeyuka. Mtoto akashika ukingo, akaangalia mpaka nikamvuta kwa sikio. Kesho yake akataka kurudi. Wenzake walimcheka kwa jina, wakamcheka kwa rangi, kisha wakaacha kucheka kwa sababu hakuna aliyeweza kumpita. Mimi ndiye niliyempeleka mazoezini kabla ya zamu yangu ya kuwahudumia wazee, nikikaa kwenye benchi lililoganda na jaketi mbili juu ya buibui. Ramadhani alifunga na akacheza. Meno mawili ya mbele yamekwenda. Mwanzo nilikuwa nikifumba macho akigongwa, nikajifunza kuyafumbua. Mwaka juzi wakamfanya nahodha, na wanaume wazima wa Texas wenye kofia pana wakawa wanavaa jezi yenye jina lake mgongoni. Siku ile hukunipigia simu kunipa hongera.

Mwezi uliopita walicheza na Houston. Kijana mmoja wa Houston alikuja mbio na kile kisahani cheusi wanachokipigania, Swafwani akamkabili, bega kwa bega, yule akaangukia ukutani na taya likavunjika. Nilikuwepo. Sikufurahi, nilimsomea dua palepale, mtoto wa mwanamke mwenzangu. Lakini refa hakupuliza filimbi, na kamati ya ligi ilitazama picha za mchezo ikasema hakuna kosa. Wakati huohuo timu moja ya ligi ya juu kabisa ilikuwa imeshamwambia Swafwani aweke begi tayari, wangemwita kabla ya mwezi kwisha. Kaka, simu hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiingoja miaka yote ile ya mabenchi ya baridi.

Hapo ndipo ulipoingia wewe. Mwanao Tasnim alikuonyesha picha zile kwenye kompyuta, ukamwona mpwa wako anamvunja mtu taya, ukaona haya mbele ya watu wa mtaani Kibokoni. Pilipili usiyoila yakuwashiani? Ukapiga simu. Na hukunipigia mimi niliyekuwepo uwanjani. Ulimpigia Shuaib, kwa kuwa ni mwanamume, na kwa kuwa wajua hawezi kukukatalia. Baba alikuwa ameshafariki, wewe ndiye uliyeniozesha, mkono wa Shuaib ndani ya mkono wako. Ukamwambia kwamba mtoto akimuumiza mtoto wa watu, wazee huenda nyumbani kwa aliyeumizwa wakaomba radhi, na hawaendi mikono mitupu.

Shuaib hakuniambia. Alisema anampeleka abiria Houston. Alimchukua Mzee Kalume, dereva mwenzake, wakapitia mtaa wa Gulfton, hukohuko Houston, kwa yule Mzanzibari apikaye halua, wakabeba sinia zima na birika la kahawa chungu. Wakaenda na kanzu zao na kofia zao, wakabisha mlango wa watu. Baba wa yule kijana akafungua. Shuaib akayasema maneno uliyomwambia ayaseme, kuwa mtoto wetu amekosa, tumekuja kumuombea radhi. Akayasema kwa Kiingereza, neno kwa neno.

Kwetu maneno hayo huzima moto. Mtu huyasema hata kama kosa si lake, ili watu wakae chini wanywe kahawa, na hakuna anayekwenda nayo kortini. Huku ukisema umekosa, umekosa. Huku hata magari yakigongana watu hawapeani pole mpaka wakili aje. Shuaib anaendesha teksi katika mji huu miaka na miaka na hilo analijua vizuri, ila sauti yako ilipomwingia sikioni alisahau kila kitu.

Yule baba simlaumu. Aliwakaribisha, akala halua, na naambiwa alitokwa na machozi. Mwandishi wa gazeti alipompigia kuuliza hali ya mgonjwa, akamsimulia, kwa wema wake, jinsi familia ya beki ilivyokuja kukiri. Ikaandikwa, na picha ya sinia ikawekwa. Kamati ikaifungua kesi upya: ikiwa baba mzazi amesema mwanawe amekosa, sisi ni nani tuseme hakukosa? Wakamfungia mpaka msimu uishe. Ile timu kubwa ikampigia simu beki mwingine.

Sasa nahodha anakaa jukwaani na watazamaji. Walewale waliovaa jina lake wanamzomea akienda kununua maji. Juzi mmoja alimwambia, "Your own daddy said it, man." Yaani baba yake mwenyewe ndiye aliyesema. Nilikuwa nyuma yake. Wallahi nilitaka kumvua ile kofia nimpige nayo.

Shuaib nilipomkabili alisema, "Sasa mimi ningemwambia nini kakako, Mwanabaraka? Si yeye ndiye mkubwa wetu?" Tangu hapo nampikia lakini simsemeshi. Swafwani ndiye anayepita katikati yetu na sahani. "Mama, let it go," ananiambia, niyaache yapite. "Uncle alikuwa anajaribu ku-help." Labda. Lakini aliyejaribu yuko Mombasa barazani, na anayezomewa ni mwanangu.

Na habari hizi unazo. Shuaib alikupigia akakueleza yote, ukamjibu kwamba riziki hupangwa na Mungu. Kaka, usimsingizie Mungu. Mungu hakupiga simu Texas.

Basi na tuifuate mila, maana ndiyo uipendayo. Mwenye kosa hatumi mtu wala haombi radhi kwa simu. Njoo Richardson. Njoo na wazee wawili wa Kibokoni na halua ya nyumbani, ubishe mlango wangu, useme mbele ya Swafwani kwamba umekosa. Ubalozini wakikuuliza unakwenda kufanya nini Amerika, waambie ukweli. Swafwani hataki niyaandike haya. Yeye amekusamehe siku ileile, na hiyo inanikera zaidi. Mimi sijakusamehe. Na kwa kuwa mara ile ulinipita ukazungumza na mwanamume mwenzako, mara hii atakayefungua mlango ni mimi.

Nisalimie wifi Nahla, nambie kama zile dawa nilizomtumia zinamfaa. Msalimie na Tasnim, mwambie sina ugomvi naye hata kidogo, yeye alionyesha picha tu.

Mungu akupe maisha marefu, Kaka, akuponye goti hilo mpaka liweze kupanda ngazi za ndege. Birika ninalo, na kahawa ya nyumbani bado ipo. Nitaiweka jikoni nikishalisikia lile neno kinywani mwako, si kabla.

Wako akupendaye, na asingekupenda asingekasirika hivi,

Dadako Mwanabaraka