Hati ya Nyumba kwa Sahani ya Ugali

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Mkonze hatujambo, babu yako anapogolea zabibu.

Unauliza kama uombe mkopo wa nafuu, maana ugonjwa wa mlipuko umefunga saluni yako. Omba, ila usikae ukiwasubiri hao wakopeshaji. Mimi hasira hazijaniisha!

Enzi za ruksa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kipindupindu kilipoingia Dodoma, mama ntilie wote tulifungiwa. Ukatangazwa mkopo wa kutuokoa, nikaenda. Bwana mikopo akasema, "Leta hati ya nyumba." Hati ya tembe la udongo, jamani! Wenzangu wa upatu ndio walionipisha zamu yao, nikapata mtaji.

Tulipofunguliwa, bwana yuleyule akaja kula ugali na mlenda, eti atalipa mwisho wa mwezi.

Nikafunika sufuria. "Baba, leta hati ya nyumba."

Bibi yako