Mashine Tuliyoijenga kwa Ajili ya Sauti ya Mama Béatrice

Kisangani, commune ya Makiso
Jumapili, baada ya misa

Papa mpendwa,

Jambo sana, wewe na Mama na wote walioko hapo nyumbani Butembo. Mgongo wako uko namna gani na baridi hii? Mama aliniambia unapanda tena juu ya nyumba kutengeneza mabati. Papa, acha. Mtoto wako mkubwa, Yaya Paluku, iko na miguu, apande yeye. Mimi niko muzima kabisa. Pondu ya majani ya muhogo na samaki ya mto hazikosekani huku, ni joto tu ndilo linanichosha.

Kwenye simu uliniuliza ni kitu gani kilikuwa ndani ya ile katoni ambayo Yaya Paluku alikuletea, ukaifunga na blanketi yako mwenyewe kabla ya kuipandisha kwenye lori. Réseau ikakatika nikiwa bado naeleza. Bon, leo nimekaa vizuri nikuandikie yote, maana ni habari ya furaha na wewe umo ndani yake.

Unajua nafanya kazi kwa Tonton Rashidi, mzee Mwislamu wa familia za hapa tangu zamani. Mbele ya kiwanja anachomelea milango ya chuma, nyuma ana chumba cha kurekodi nyimbo, na chumba hicho ndicho kazi yangu. Miezi iliyopita, akina mama wa chorale, kwaya ya parokia yetu, walikuja kurekodi nyimbo za sikukuu yao. Anayewaongoza ni Mama Béatrice, anayeuza chikwange, ile mikate ya muhogo, kwenye soko kuu. Papa, sauti ile! Ilikuwa inaingia chumbani kabla yake.

Tulirekodi vizuri, lakini kabla sijapanga nyimbo, balaa mbili zikafuatana. Mama Béatrice alipasuliwa uvimbe wa shingo. Alipona, Mungu asifiwe, lakini sauti haikurudi, sasa ananong'ona tu. Halafu umeme ulikatika, ukarudi na nguvu kupita kiasi, ukaunguza kompyuta yetu, Mac ya zamani. Nyimbo zilibaki salama kwenye disque ya pembeni, ile ya kuhifadhia kazi, ila programu tuliyozirekodia inafunguka kwenye Mac peke yake. Nilizunguka mji na disque ile mkononi. Hakuna aliyeweza kuifungua, na Mac mpya haikuwa ya mfuko wetu. Sauti ya Mama Béatrice ilikuwa imefungiwa humo, na yeye hawezi kuimba mara ya pili.

Ndipo nikakumbuka kwamba kuna watu wanaojenga kompyuta kwa mikono yao, kisha wanaiwekea mfumo wa Mac. Inawezekana, lakini si kifaa chochote tu. Mfumo ule unatambua vifaa vinavyofanana na vile vilivyomo ndani ya Mac zenyewe. Ukiupa kingine, hata kiwe kizuri namna gani, unakipita kama hakipo. Nikaanza kusoma kwenye internet maelezo ya waliojaribu kabla yangu: nani alifaulu, na kifaa gani, nani alikwama wapi.

Tonton hakuwa na uvumilivu huo. Siku moja alirudi kutoka sokoni anacheka, ameshika carte graphique, ile inayotoa picha kwenye écran, kioo cha kompyuta.

"Kavira, angalia! Vijana wanasema hakuna nguvu kuipita hii."

Nikasoma jina lililoandikwa mgongoni mwa carte. "Tonton, iko muzuri, lakini Mac haiijui. Tutaona giza tupu."

"Iko muzima, inawaka, na wewe unakataa. Unakataa nini?"

"Nakataa kubahatisha."

Alirudi kwenye milango yake na hakunisemesha mpaka jioni. Papa, nilijisikia vibaya. Mzee amenipokea kama mtoto wake, na mimi mwenyewe sikuwa na uhakika kama ninayosoma ni ya kweli.

Bahati ikatokea Yangambi, chini ya mto. Ofisi moja ilikuwa inauza kompyuta zake za zamani, na mtu alinitumia picha. Nikaona processeur, ubongo wa kompyuta, ndiyo ile ile ya Mac, na carte mère, sahani kubwa ambayo kila kitu kinachomekwa juu yake, imo katika zile zilizofaulu kwa wengine. Nikapanda boti. Wakati wa kurudi mvua ilitukamata katikati ya mto. Mama mmoja mwenye vikapu vya samaki wa kukaushwa alinitazama nimeikumbatia kompyuta chini ya koti langu, akavua turubai la vikapu vyake.

"Funika mutoto wako," akasema. "Samaki yangu ilishazoea maji."

Boti nzima ikacheka. Nilifika nimelowa mpaka mifupa, kompyuta kavu.

Ikabaki carte graphique inayokubaliwa. Kisangani sikuipata, Yaya Paluku akaipata kwa mfanyabiashara wa hapo kwenu. Ndiyo ile uliyoifunga, Papa! Ilifika bila mkwaruzo. Shida ni kwamba ilikuwa ndefu kuliko kasha la kompyuta, na alimentation ya zamani, ile inayogawa umeme, haikuwa na nguvu ya kuibeba. Alimentation kubwa tuliipata hapa. Kuhusu kasha nilikwenda mbele kwa Tonton, nikamwambia chuma kimekuwa kifupi.

Akaweka chini mlango wa watu. "Chuma? Sasa umefika kwangu." Akakata, akakunja, akachomelea kipande, akapulizia rangi ile ya kijani ya milango yake. Kompyuta yetu inafanana na geti la parokia, lakini kila kitu kiliingia. Hasira ikaishia hapo.

Mfumo niliupakua polepole, umeme ukikatika naanza tena. Mara ya kwanza ilisimama katikati ya kuwaka. Nikarekebisha mipangilio, ikasimama tena. Asubuhi moja ikafunguka, picha safi, rangi zote! Tonton aliita jirani wote, na mtu akakimbia kumwita Mama Béatrice sokoni. Alikuja bado na kitambaa cha kazi kiunoni.

Nikachomeka ile disque, nikafungua wimbo kwa programu yetu. Mistari ya sauti ikatembea kwenye écran, lakini hatukusikia kitu. Kimya kabisa.

Mama Béatrice akaangalia chini. Nilikuwa nimechagua kila kitu kwa uangalifu, na sehemu ya sauti iliyo ndani ya carte mère nilikuwa nimeisahau: Mac haikuitambua. Kwenye kabati kulikuwa na kisanduku cha nje tunachochomekea micro za kuimbia, nacho kinapitisha sauti bila kutegemea carte mère. Nikakichomeka, nikabonyeza tena.

Sauti yake ikajaa chumba.

Mama Béatrice alifunga macho, akafumbua, akanivuta sikio karibu na mdomo wake. Nilidhani analia. Akanong'ona: "Hapo nilichelewa kuingia. Rudisha." Nikarudisha. "Tena." Basi, Papa, tangu siku hiyo anakuja kila akimaliza kuuza, anavaa écouteurs masikioni, ananionyesha na kidole nini kibaki na nini kitoke. Sijawahi kuwa na patron mkali hivyo, na sijawahi kufanya kazi nzuri hivyo.

Jana ndiyo ilikuwa sikukuu. Tuliweka spika uani kwa kanisa, wenzake wakaimba juu ya sauti yake, na Tonton akaja na kanzu yake nyeupe, akakaa mstari wa mbele.

Msalimie Mama sana, namtumia chikwange mkononi mwa dereva wa lori. Msalimie Yaya Paluku, mwambie macho yake ya kuchagua vifaa nimeyakubali. Bibi apewe busu mbili, moja ya Tonton Rashidi ambaye anadai wanafahamiana kwa simu. Shangazi wa Beni naye nimemuweka katika sala.

Na jana, watu walipoinuka kucheza, Mama Béatrice alishika kitenge chake na kuingia katikati, akacheza kwa sauti yake mwenyewe mpaka wimbo ukaisha, akanigeukia na kunifanyia ishara niurudishe.

Nikaurudisha, Papa.

Mtoto wako akupendaye,
Kavira