Saratani, Neno Nililojifichia

Mtaa wa Huruma, Jumanne, 1982

"Mtoto akijua atakata tamaa." Shemeji, baba yake Nyambura, amerudia hayo leo tukitoka hospitali. Upuuzi mtupu! Nyambura ana miaka kumi na sita, na tangu mguu ulipovimba amekuwa akitusoma nyuso. Asiyeambiwa hujiambia mwenyewe, tena vibaya zaidi.

Nilimfokea shemeji hivyo, lakini nami nina hatia yangu.

Wiki iliyopita Nyambura aliponiuliza anaugua nini, nilimwambia, "Saratani." Nilijua vyema kwamba hapa mtaani watu husema kansa. Mimi ninayegombana na magazeti kuhusu Kiswahili sanifu nilichagua neno sahihi ili mtoto wa dada yangu asielewe. Sikusema uongo, na hilo ndilo linaloniuma.

Leo nesi amemfafanulia. Nilipoketi kando ya kitanda akanikazia macho.

"Kumbe saratani ndiyo kansa, Mjomba? Basi hicho Kiswahili chako cha redio ni cha kufichia watu?" Akacheka kidogo. Kisha, polepole: "Mguu watakata?"

Watakata. Daktari alituambia tangu Ijumaa. Nami badala ya kumjibu nikaanza kuulaumu uji wa wodi, nikautolea hotuba kabisa, mpaka akageukia ukutani.

Alitaka tu mtu wa kuogopa naye.

Usiku huu nawaambia wazazi wake: Dada, shemeji, kesho saa ya kuwaona wagonjwa tumwambie habari ya mguu, kwa maneno anayoyajua, kisha tusiondoke. Na mkinisikia naanza hotuba, ninyamazisheni.