Nani Alikusukuma, Yaya?

Yaya wangu Ngoy, kaka yangu mkubwa,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kile kigoda chako karibu na mlango wa jikoni, pale ulipopenda kunywa chai huku mama akikuambia uondoke njiani. Tangu ulipokufa hakuna aliyekikalia. Tumekuwa tukikizunguka. Leo nimekikalia kwa sababu nina habari yako, na si habari ya kutoa nimesimama.

Kwanza nikukumbushe kinga. Darasani tunaandika baiskeli, lakini ile yako kwangu itabaki kinga. Kila asubuhi ya shule ulinibeba nyuma, kwenye chuma cha mizigo ulichokiviringishia gunia ili nisiumie. Tulishuka mteremko wa kwenda kwenye reli, nawe hukuwa mtu wa kushuka polepole. Ukifika relini ulikamata breki ghafla, nami nikagonga paji la uso mgongoni mwako.

"Ee! Juu ya nini unanisukuma?"

"Mi sikukusukuma!"

"Basi nani? Nyuma yangu iko nani mwingine?"

"Mi sijui. Hapana mimi."

"Unadanganya! Mutoto wa bongo, wewe! Nitakusemea kwa mama."

Na rafiki yako Kasongo, aliyetufuata na baiskeli yake, alicheka mpaka mguu ukatoka kwenye pedali. Mchezo huo haukuisha. Hata nilipokuwa mtu mzima ulinikuta naosha sahani, ukajikwaa makusudi nyuma yangu, ukauliza kwa hasira ya uongo: "Juu ya nini unanisukuma?" Sikujua kwamba siku moja swali hilo litaulizwa nyumbani kwetu na hakuna atakayecheka.

Ulikwenda Lubudi na Kasongo kununua mahindi. Mlirudi juu ya lori, juu ya magunia yenu. Wewe ulikaa mbele kabisa, nyuma ya kabini, kwa sababu ulipenda upepo. Kasongo alikaa nyuma yako, mkono mmoja kwenye kamba. Mbuzi walikatiza barabara, dereva akakanyaga breki, ukaruka juu ya kabini, ukaanguka barabarani. Hayo ndiyo tuliyoambiwa.

Lakini mama mmoja aliyekuwa juu ya magunia hayo alikuja kwenye kilio, akasema aliona mkono wa Kasongo mgongoni mwako. Hakusema kwa ubaya. Alisema alichokiona. Mpaka jioni, mkono ule ulikuwa umeshageuka kuwa msukumo. Tata mudogo, mdogo wake baba, ambaye tangu baba afariki ndiye anayesema kwa niaba yetu, aliuliza mbele ya wote: "Mutu anaweza kuruka yeye peke yake, kama ndege? Kuko mwenye alimusukuma." Watu wakataja wivu wa biashara. Wengine wakataja buloji, uchawi. Ikaamuliwa kwamba siku ya kumaliza kilio Kasongo atasimama mbele ya jamaa na kusema kwa nini alifanya vile, kisha ahame mtaa. "Na kama hapendi kutoka," tata mudogo alisema, "bijana batamutosha."

Yaya, unawafahamu vijana wa kwetu. Kila mtu alielewa maana ya kumtosha: kumtoa kwa kipigo. Watoto walianza kutupa mawe juu ya bati la Kasongo. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Aliacha tu kuomba chumvi kwa mke wa Kasongo.

Mimi nilirudi chuoni. Unakumbuka ulinipeleka mwenyewe kujiandikisha, ukamwambia mlinzi wa langoni kwamba mimi ni injinia, na mlinzi akaniamkia. Somo la kwanza baada ya kukuzika lilikuwa mekanika. Asistan anayetufundisha ni kijana mwenye chaki kwenye suruali. Huandika Kifaransa ubaoni, halafu anaeleza kwa Kiswahili chetu. Alisema: "Sikieni muzuri. Kila corps yenye iko repos, inabaki repos."

Alimaanisha kitu chochote kilichopumzika hubaki kimepumzika. Lakini unajua neno corps tunavyolitumia hapa. Corps ni maiti, ndiyo tuliyokuwa tukiingojea kwenye lango la morgue. Corps inafika saa ngapi? Nani atapanda motokari moja na corps? Nilikusanya vitu vyangu nikatoka kabla hajamaliza sentensi. Siku zilizofuata nilirudi, lakini ukurasa ule ulibaki nusu, na sikuweza kuugusa. Mtihani ulipouliza sheria ile niliandika nusu niliyoisikia, na mengine yakaporomoka pamoja nayo. Nikaanguka. Ukabaki mtihani wa marudio, na uliwekwa juma lilelile la kumaliza kilio. Nilikuwa na hofu mbili, na kila moja ilinizuia kuifikiria nyingine.

Mwanafunzi mwenzangu, Mado, alikubali kunisomea ukurasa ule. Tulikaa kwenye ngazi za darasa, yeye akitafuna karanga, kidole juu ya mstari.

"Corps yenye iko repos, inabaki repos. Ile unaijua?"

"Ninaijua."

"Na corps yenye inatembea, inaendelea kutembea mbele, moja kwa moja, mpaka nguvu ya inje iisimamishe. Mufano: abiria juu ya kamio, lori. Kamio inakamata breki, abiria anaruka mbele. Nani anamusukuma?" Akanitazama. "Jibu: hakuna."

"Sema tena."

"Hakuna! Batu bengi banaanguka pale. Banaandika breki njo inamusukuma. Hapana. Kamio inasimama, yeye anaendelea. Sasa unalia nini? Ni swali moja tu."

Nilikuwa nimerudi relini, paji la uso mgongoni mwako. Mi sikukusukuma. Basi nani?

Mtihani ulikuwa wa mdomo. Nilisimama ubaoni na chaki. Asistan aliniuliza sheria, nikaisema yote, nusu zote mbili, na neno corps nikalitamka mara mbili bila kusimama. Kisha akaniambia nichore abiria juu ya magunia na mishale ya nguvu zote zinazomgusa wakati lori linakamata breki. Nikachora uzito kwenda chini. Nikachora magunia yakimbeba kwenda juu. Nikachora msuguano wa gunia, ukimvuta kidogo nyuma. Halafu mkono wangu ukaongeza mshale mwingine, mgongoni.

"Hii ya nini?"

"Ni mukono wa mwenye iko nyuma yake."

"Katika swali hamuna mukono, mama."

"Kama uko, asistan, mushale utaangalia wapi?"

Akaniangalia vizuri. Sidhani alijua lolote. "Kama anasukuma, mbele. Kama anakamata, nyuma. Nguvu haifiche njia yake. Angalia tu kitu kenye ilivuta." Akanionyesha mlango. "Basi. Muite mwingine."

Nilikwenda nyumbani kwa miguu, haraka, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Shati lako la mistari ya bluu, lile ulilovaa siku hiyo, mama alilifunga kwenye sanduku chini ya kitanda. Nililiona likifungwa, lakini sikuwahi kulitazama. Nililitandika juu ya kitanda. Mgongo ni mzima. Vifungo vya juu, mbele, havipo. Nyuzi zinaning'inia na matundu yamechanika. Na nyuma, pale kola inaposhonwa, mshono umeachia. Mtu akisukumwa mgongoni, vifungo vya kifuani haviruki. Vinaruka akivutwa kwa kola kutoka nyuma, yeye akiendelea kwenda mbele.

Siku ya kumaliza kilio walikaa wote kwenye mabenchi, vikombe vya munkoyo vikizunguka. Kasongo alikuja peke yake, shati safi, akasimama kwenye kiingilio cha uwanja. Vijana wakainuka. Mmoja alikuwa ameshakunja mikono ya shati. Kwetu, msichana hasemi kabla ya kuitwa, nawe unajua nilivyo mwoga mbele ya tata mudogo. Nilisimama na shati mkononi, nikaomba radhi.

"Lusa, tata mudogo. Mi iko na neno."

"Neno gani? Kaa."

Sikukaa. Nikawaambia habari ya lori na abiria. Nikawaambia habari ya kinga na reli, na wale waliokufahamu utotoni wakainua vichwa. Tata mudogo akanikata.

"Ile ni masomo ya ku shule. Physique yako inaona buloji?"

"Haione, tata. Lakini bifungo, sisi wote tunabiona."

Nikamwekea shati magotini. Akaligeuza upande mmoja, akaligeuza mwingine. "Na ule mama aliona mukono."

"Mukono ulikuwa. Ulikuwa unamuvuta."

Vijana walikuwa bado wamesimama, nami nilifikiri nimeshindwa. Ndipo mama akanyanyuka. Alilichukua shati, akapitisha kidole kwenye kila tundu la kifungo, taratibu, kama alivyokuwa akikagua nguo zako ukitoka kwa fundi. Kisha akatembea mpaka kwenye kiingilio, akasimama mbele ya Kasongo, akamgeuzia mgongo.

"Nionyeshe."

Kasongo alitikisa kichwa.

"Kasongo, mutoto wangu. Nionyeshe namna ulimukamata."

Alinyoosha mkono. Vidole vyake vikashika kola ya blauzi ya mama, vikavuta. Mama akarudi hatua moja nyuma, kwake.

Tata mudogo alitazama ndani ya kikombe chake. Vijana wakakaa, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeomba msamaha, Yaya, sitakudanganya. Lakini mama aliniambia nilete ugali, bukari yetu, nami nikaweka sahani ya Kasongo pamoja na za jamaa. Alikula kidogo, halafu akasema bila kumtazama mtu: "Alikuwa muzito, mama. Shati njo ilinishinda."

Matokeo ya mtihani hayajabandikwa. Nikifaulu, nitamwambia yule mlinzi kwamba hukumdanganya. Jana mama alimtuma mtoto kwa mke wa Kasongo kuomba chumvi, ingawa ya kwetu haijaisha.

Kuna jambo moja ambalo Mado hawezi kunisomea. Umekamata breki, umesimama, nami bado naenda mbele na paji langu la uso, na mgongo wako haupo. Nautafuta kila asubuhi ninaposhuka ule mteremko. Hakuna anayenisukuma, Yaya. Naendelea tu, kwa sababu wewe ndiye uliyenianzisha.

Pumzika. Neno hilo sasa naweza kuliandika.

Mdogo wako wa nyuma ya kinga,
ambaye kweli hakukusukuma.